Kujichunguza matiti: kinundu kikishapatikana, kinakwenda wapi?

Kila Oktoba, mwezi wa kuhamasisha kuhusu saratani ya matiti, mawaidha ni yale yale. Jichunguze mara moja kwa mwezi, siku chache baada ya hedhi, kwa ncha za vidole vitatu, ukizungusha mpaka kwapani. Bango liko ukutani pa kliniki, fulana za pinki zimegawiwa. Wachache wanajua kwamba ushauri huu ulishapimwa kwa utafiti mkubwa, na haukupita.

Ilikuwa Shanghai, China. Kuanzia 1989 waliandikishwa wanawake 266,064 wa viwanda vya nguo. Nusu yao walifundishwa kwa titi la bandia la silikoni lenye vinundu ndani, wakarudiwa na kusimamiwa kwa miaka mitano. Nusu nyingine hawakufundishwa. Majibu yalitoka 2002: waliokufa kwa saratani ya matiti walikuwa 135 upande wa waliofundishwa na 131 upande wa pili. Kilichozidi kwa waliofundishwa ni vinundu visivyo saratani, yaani sindano, visu na hofu ya bure. Tena, tusichanganye: kujichunguza si kinga. Kunyonyesha, kuacha pombe na kudhibiti uzito baada ya kukoma hedhi ndivyo vinavyogusa hatari yenyewe.

Basi tung'oe mabango? Mimi sijafika huko. Wale wa Shanghai ambao hawakufundishwa hawakuwa wakichelewa sana. Uvimbe wao ulipogunduliwa haukuzidi wa wenzao kwa ukubwa wa maana. Huwezi kuonyesha faida ya kuwahi pale ambapo watu wanawahi tayari. Tanzania wagonjwa wengi hufika wakiwa hatua ya tatu au ya nne, zile za mwisho, titi limeshavimba, pengine limefungwa kitambaa kwa ndani kwa sababu linatoa maji. Ila ukimuuliza mama huyo alianza kuuona uvimbe lini, hasemi jana. Atakutajia miezi. Mkono wake uliugusa mapema. Ila zahanati alipewa antibiotiki, akaambiwa ni jipu, kisha ikaja rufaa, nauli, foleni ya ultrasaundi, kuchukuliwa kinyama, na kusubiri majibu.

Hapo ndipo naona wabishi wa pande zote mbili, wanaotetea kujichunguza na wanaosema hakusaidii, wanapishana na jambo. Shirika la Afya Duniani limeweka lengo kwamba mgonjwa akishafika kituoni, uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60. Hilo lengo halimuulizi mama kama anajua kuzungusha vidole, linaiuliza hospitali.

Njia ya kati ipo, na imejaribiwa Mumbai, India: wahudumu wa afya wanawake waliofunzwa, wakichunguza matiti ya wanawake wenzao kwa mikono kila baada ya miaka miwili, bila mamografia, yaani picha ya eksirei ya matiti. Matokeo ya miaka 20, yaliyochapishwa 2021, yalionyesha uvimbe ukigunduliwa katika hatua za mapema zaidi, na vifo vikishuka kwa karibu asilimia 30 kwa wenye miaka 50 na kuendelea. Muuguzi na mikono yake tunaweza kuvimudu, tofauti na mashine ya mamografia.

Lakini kwa walio chini ya miaka 50 vifo havikupungua kwa kiwango cha kutegemewa, na sehemu kubwa ya wagonjwa wetu huku kwetu wako chini ya umri huo.