Mpiga foto wa familia

Kwetu foto ikitoka nzuri, sifa ni za aliyepigwa. Ikitoka mbaya, kosa ni langu. Kazi yenyewe sikuiomba. Nadhani nilipewa kwa sababu simu yangu ina kamera tatu mgongoni, na kamera tatu katika ukoo wetu ni sawa na diploma.

Noeli hii shemeji karudi kutoka Durban. Wenzake wakitoka huko huleta viatu, yeye kaleta ubao wa kuteleza juu ya mawimbi, mrefu kuliko mlango wa nyumba. Mwenye moto, yaani pikipiki, alidai alipwe abiria wawili, na sikuona ubaya wake. Basi Jumapili baada ya misa tukashuka ziwani: ndugu, majirani, sufuria, kreti ya bia, na ubao.

Nikamwambia kwa heshima, shemeji, Durban ni Bahari ya Hindi. Wimbi linasukumwa na upepo huko mbali kabisa na linakuja likinenepa njia nzima. Hili ziwa Kivu letu, ukitoka hapa Goma kwenda Bukavu hujamaliza hata kilomita mia na hamsini, na kisiwa cha Idjwi kimekaa katikati. Upepo utakimbilia wapi?

"Weye piga tu foto, shemeji."

Kilichobaki ni boti za kasi za Bukavu. Ikipita moja, inaacha mawimbi mawili matatu ya kueleweka. Kwa hiyo mwanaume mzima kalala kifudifudi majini, anangoja ratiba ya boti. Mimi niko ukingoni juu ya mawe ya volkeno, yenye ncha za kutoboa kandambili, simu mkononi, namngoja yeye.

Na ukisimama mahali na simu mkononi, foleni inajipanga yenyewe. Wa kwanza Mama Mukubwa. Anataka ziwa lionekane nyuma yake. Sasa ziwa letu liko kusini, na Desemba jua nalo liko kusini, linaingia moja kwa moja kwenye kamera. Nikapiga. Akaangalia.

"Weye mutoto, umenigeuza makala!" Yaani makaa.

Nikamgeuzia upande wa mawe. Mawe ni meusi, na simu ikiona weusi mwingi inadhani usiku umeingia, inaongeza mwanga. Kitambaa chake cheupe kikawaka, uso ukapotelea humo humo.

"Na sasa nimekuwa malaika."

Akaondoka bila kuaga. Akaja mama mkwe. Huyu hana maneno mengi. Alisimama wima, mikono imenyooka, hakuna kucheka. "Hii njo mutaweka siku nitakufa," akasema. Nikapiga kwa adabu zangu zote, hata pumzi niliibana. Akachukua simu, akakuza uso wake kwa vidole viwili, akautazama muda mrefu.

"Hapana. Na hii foto siwezi kufa."

Bibi yangu, aliyekuwa anakula sambaza, vile visamaki vya ziwani, za mafuta, naye akataka kuona. Kidole gumba chake kikatua juu ya kamera, barabara. Tangu hapo kila aliyepigwa alionekana yuko ndani ya ukungu, na mjomba akatangaza kwa watu wote kwamba simu yangu imezeeka.

Ndipo boti ikapita. "Piga! Piga!" Ufuo mzima umesimama. Mimi nabonyeza, simu inaniambia nafasi imejaa. Imejaa video za ndoa za binamu ambazo kundi la familia hunitumia usiku na mchana. Nafuta huku, nafuta lenzi kwa shati kule, na shemeji huko majini kanyanyua goti moja, kanyanyua la pili, kazama. Alipoibuka akasema maji ya chumvi ndiyo yanabeba mtu vizuri. Kweli chumvi inasaidia kidogo, lakini si kwa uzito ule.

Pembeni yake kulikuwa na mtoto aliyekuja kuchota maji. Kalalia bidoni lake la njano, tupu, limefungwa vizuri. Wimbi lilelile likamchukua likamleta mpaka kwenye mawe, mikono juu, mdomo wazi. Hiyo niliipata. Kali, safi, hata matone yanahesabika, na kwenye kona ya chini unaonekana unyayo wa shemeji ukielekea mbinguni.

Jioni nikaituma kwenye kundi. "Mutoto wa nani huyu?" "Ziwa letu ni zuri!" "Simu hiyo ni bei gani?" Yule yule mjomba. Hakuna hata mmoja aliyeuliza nani kapiga. Shemeji alinipigia faraghani kuuliza kama naweza kumtoa mtoto nikamweka yeye juu ya bidoni.

Anataka turudi Jumapili ijayo. Nikamwambia simu iko kwa fundi. Akasema hakuna shida, nitatumia yake.