Uzamili wa Mitaala Usubiri Chaki

Walimu vijana huniuliza swali hili mara nyingi: nikimaliza shahada ya kwanza, niunganishe uzamili wa mitaala ili niwe msimamizi wa elimu? Jibu langu halijabadilika. Nenda darasani kwanza, ukae miaka mitatu, bora mitano, ndipo urudi chuoni.

Shahada yenyewe siipingi. Kukuza mitaala kuna elimu yake, na mwalimu hodari haipati kwa kufundisha tu. Mwaka 1949 Ralph Tyler, mwanaelimu wa Marekani, aliijenga kazi hiyo juu ya maswali manne: mwanafunzi afikie nini, apitie mambo gani ili afike, mambo hayo yapangwe vipi, na tutajuaje kwamba amefika? Swali la nne peke yake linadai masomo ya upimaji na takwimu. Asiyeyasoma anaweza kuandika malengo mazuri ya kumfundisha mtoto kufikiri, kisha akatunga mtihani wa kukariri.

Ninachokataa ni uzamili kutangulia uzoefu. Marekani, mkuza mitaala kwa kawaida hutakiwa awe na vyote viwili, na katika shule za umma huenda akadaiwa pia leseni ya ualimu au ya uongozi. Naona ni sawa kabisa. Hilda Taba, aliyefanya kazi na Tyler, alishikilia kwamba walimu ndio waanze kuunda mtaala, kwa kuchunguza kwanza mahitaji ya wanafunzi wao. Utayachunguzaje mahitaji ya darasa ambalo hujawahi kusimama mbele yake?

Niliwahi kukaguliwa na msimamizi aliyefungua azimio langu la kazi, yaani mpango wangu wa kufundisha, akalinganisha tarehe, akatia saini, akaondoka. Dawati la mbele, hatua mbili kutoka alipokuwa, mtoto alikuwa amekwama kwenye kujumlisha sehemu, akijumlisha asili kwa asili, yaani namba za chini kwa za chini. Hakumtazama. Jambo hilo liliniuma, maana nilihitaji mno mtu wa kunisaidia kuelewa kwa nini nusu ya darasa walikosea vilevile.

Usimamizi wa namna nyingine upo, na unafundishika. Morris Cogan na Robert Goldhammer waliukuza wakiwa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani: msimamizi anazungumza na mwalimu kabla ya kipindi, anaangalia somo na kuandika anachokiona, anachambua, wanakaa tena wawili, mwisho anajipima yeye mwenyewe. Hayo hayaingii kichwani kwa kusoma vijitabu. Yanataka kurudiwa mbele ya mwalimu halisi, huku mkufunzi akikusahihisha.

Kwa hiyo, kabla hujalipa ada, usiulize tu idadi ya kozi na urefu wa tasnifu. Uliza utakaa wiki ngapi shuleni kwa mafunzo ya vitendo, na nani atakuja kukutazama ukizungumza na mwalimu baada ya kipindi chake. Wakikujibu kwamba hayo utajifunza ukishaajiriwa, tafuta chuo kingine.