Muondoe mama, watoto waache bandani

Jumamosi nilipita kwa jirani yangu hapa Njombe kurudisha ndoo yake, nikasikia kelele za nguruwe hata sijafika getini. Sio za njaa, hizo mfugaji anazijua, wanapiga wote kwa pamoja na ndoo ikionekana zinaisha. Hizi zilikuwa za kukatikakatika, analia mmoja, kimya, analia mwingine. Nikaingia bandani nikakuta watoto 22 wa mama watatu wamemwagwa chumba kimoja, wameachishwa kunyonya asubuhi hiyohiyo, sakafu zege tupu limeloa, kihori kimoja. Kuna kamoja keupe kalikuwa kamesimama konani kakiangalia ukuta, sikio limechanika na damu imeshakaukia shingoni, na kila kakigeuka kwenda kunywa maji kanarudishwa kwa meno. Nikamuuliza jirani, mdogo wangu hapa vipi? Akasema, "Watazoeana tu hao, dada."

Hilo neno limenikaa rohoni mpaka leo.

Haya, watazoeana, sikatai. Nguruwe wasiojuana lazima wapigane mpaka ijulikane nani mkubwa, na ugomvi mwingi unaishia kwenye siku mbili za mwanzo. Ila siku mbili zenyewe ni zipi? Ndo zilezile ambazo mtoto kakosa maziwa, kakosa mama, kakosa joto la kulalia, tumbo linahangaika na pumba na mashudu ambayo halijayazoea, halafu na wewe unamuongezea vita. Akianza kuharisha wiki hiyohiyo tunakimbilia duka la dawa na hela ya mbolea.

Angalieni jamani huyu mtoto anatoka wapi. Siku zake za mwanzo kabisa duniani amepigania chuchu na ndugu zake, kila mmoja akapata ya kwake, na tangu hapo akiitwa kunyonya anaenda kwenye hiyohiyo. Wale ugomvi wao walishaumaliza zamani! Sasa ukimtoa mama ukawaacha wao palepale, wanabaki na harufu yao, kona yao ya kulala, kona yao ya kukojolea, kihori walichoanza kuonjea chakula. Kilichopungua ni kimoja tu, mama. Lakini sisi tunafanya kinyume, mama mwenye kilo zake zaidi ya mia anabaki amejinyoosha kwenye chumba chake na watoto ndo wanabebwa miguu juu kupelekwa ugenini. Mtoe yeye bwana, mpeleke karibu na dume, ndani ya wiki hivi wengi wanarudi kwenye joto, yaani wako tayari kupandwa tena, na watoto waache hapo wiki moja au mbili.

Najua mtasema vyumba havitoshi. Kweli, mwenye vyumba viwili anabanwa na mimi nimebanwa hivyo miaka. Basi kama lazima uchanganye wachanganye mapema, wakiwa bado wananyonya. Mimi nina majike wawili wanaozaa karibu karibu, watoto wakifika kama wiki mbili nang'oa ubao mmoja wa chini kwenye ukuta wa katikati, wanapita wao mama hapiti. Wanakimbizana kidogo, wanasukumana, wakichoka kila mtu anarudi kunyonya kwake. Siku ya kuwaachisha ikifika wanajuana tayari. Hata wa porini ndo wanavyofanya, mama anakaa na wanawe kwenye kiota siku kama kumi hivi halafu anawaleta kwenye kundi taratibu.

Na msiwaachishe wadogo. Umoja wa Ulaya sheria yao ni siku 28, inashuka mpaka 21 kwa wenye mabanda maalumu, sisi huku wengi tunafikisha wiki 6 mpaka 8, hiyo ni bahati kubwa kwa mnyama na inauma kuiona inapotezwa kwa asubuhi moja. Niliwahi kuuziwa watoto wanne nikaambiwa wana miezi miwili, kumbe walitolewa kwa mama bado wadogo. Usiku nikiwamulika na tochi nawakuta wamelala, mmoja kachomeka pua kwenye tumbo la mwenzake anasukuma, anasukuma, vilevile anavyosukuma ziwa la mama yake, na mwenzake ngozi imeshakuwa nyekundu. Anatafuta maziwa kwenye tumbo la mtoto mwenzie. Sijawahi kusahau.

Kuhasi na kuachisha siku moja, tafadhali, hapana.

Jirani tulisaidiana jioni ileile. Tuliweka mbao tukawagawa kila mtu na ndugu zake, tukaongeza mabeseni mawili ya chakula, tukamwaga nyasi kavu nyingi maana baridi ya huku mnaijua na nguruwe mwenye kitu cha kufukua hana muda na sikio la mtu. Walifukua mpaka wakapotelea humo ndani, zikawa zinatikisika nyasi tu. Kale keupe kalikunywa maji muda mrefu sana, halafu kakajipenyeza katikati ya ndugu zake kakalala.