Kumsikiliza mtu si kumwacha njia panda

Hapa Mwanza, lawama ninayoisikia sana juu ya washauri nasaha ni hii: "Nimemweleza shida zangu saa nzima, hajaniambia nifanye nini." Ina uzito. Tumelelewa kwamba mwenye shida humwendea mkubwa, na mkubwa hutoa neno. Aliyepanda daladala kutoka Igoma na kukosa mauzo ya siku ana haki ya kutaka kuondoka na kitu.

Tena wapo ambao mazungumzo peke yake hayawatoshi. Anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii apelekwe hospitali ya Bugando, aonwe na daktari, anywe dawa. Hilo halina mjadala.

Ila Carl Rogers, mwanasaikolojia Mmarekani ambaye mwaka 1951 aliandika kitabu juu ya tiba hii ya kumsikiliza mteja na kumfuata anakoelekea, hakumtaka mshauri akae bubu. Alimtaka asikilize bila kuhukumu, awe mkweli, amrudishie mteja alichokisikia. Ni kazi nzito. Na mazoezi ya utulivu, yale ya kuzingatia pumzi na mwili ambayo Mmarekani mwingine, Jon Kabat-Zinn, aliyaingiza hospitalini mwaka 1979, bila usikivu huo yanaweza kuumiza.

Binamu yangu ni mvuvi wa dagaa. Mtumbwi wao ulipinduka usiku, akaokolewa alfajiri akiwa ameng'ang'ania dumu. Mshauri wa kwanza alimwambia afumbe macho, afuate pumzi. Mtu aliyemeza maji ya ziwa gizani! Kwake huko ni kurudishwa majini. Alitoka chumbani akihema.

Wa pili alimuuliza, "Ukifanya nini mwili wako hutulia?" Akajibu, nikishona nyavu. Kikao kilichofuata akaja na kipande cha wavu na sindano yake. Akashona macho wazi, huku mshauri akimwomba ausikie uzi unavyopita kidoleni, fundo linavyokaza, na mawazo yakikimbilia ziwani, arudi taratibu kwenye fundo. Zoezi ni lilelile, ila safari hii mlango aliuchagua mwenyewe.

Maana ushauri wa kuambiwa, sisi ndugu tulishampa wote: acha ziwa, tafuta bodaboda. Hakuna aliyemuuliza kama anataka kuliacha. Hataki. Giza la mwezi huu, wakati wa kuvua dagaa kwa taa, lilipoingia alishuka mwaloni zinakotia nanga mitumbwi, akasaidia wenzake kupakia taa, akabaki ufukweni akiziangalia zikienda. Mshauri hajamwambia apande wala asipande. Alimuuliza tu miguu yake ilisikia nini mchangani.