Kabla hujang'oa shokapu za umeme kwenye shangingi lako

"Bosi, hizi za umeme ni ugonjwa. Tuzing'oe, tufunge za kawaida, ulale usingizi."

Fundi aliniambia maneno hayo akiwa chini ya Prado yangu, na mafuta ya shokapu ya mbele kushoto yakimchuruzikia kwenye mkono. Nilikubali papo hapo. Aliniambia bei ya shokapu moja ya umeme, nikaona kwa fedha hiyo napata seti nzima ya kawaida na chenji ya chakula cha mchana inabaki. Nani angebisha?

Gari lenyewe ni la kizazi cha 120, TZ G-Selection. Huko Japani liliuzwa likiwa na shokapu zinazobadilisha ugumu zenyewe, na nyuma lina baluni za hewa badala ya springi. Ndugu yake wa upande wa matajiri ni Lexus GX 470. Kuna swichi ndogo mle ndani, upande mmoja imeandikwa COMF, yaani laini, na upande wa pili SPORT, yaani ngumu. Namfahamu jamaa amekaa na gari kama hili mwaka wa tano bila kuigusa swichi hiyo. Alidhani ni ya kiyoyozi.

Nieleze kidogo inavyofanya kazi, maana ubishi mwingi wa gereji unatokana na kutojua. Ndani ya shokapu yoyote kuna pistoni inayolazimisha mafuta yapite kwenye vitundu. Vitundu vikibana, shokapu inakuwa ngumu; vikiachia, inakuwa laini. Kwa shokapu ya kawaida, kiwanda kilishakuamulia. Ya umeme ina kijiti chembamba katikati ya fimbo ya pistoni, na juu kabisa kimekaa kimota kinachokizungusha ili kupanua au kubana njia ya mafuta. Sensa zinaiambia kompyuta jinsi bodi inavyopanda na kushuka, usukani umekatwa kiasi gani, na kama mguu uko kwenye breki. Ukikanyaga breki ghafla, shokapu zinakaza ili pua isiiname. Ni jambo la zamani: Toyota waliifunga TEMS, babu wa mfumo huu, kwenye gari lao la Soarer mwaka 1983. Na zingatia hili, kwa sababu mafundi wengi hawalisemi: umeme ukikatika, kijiti kinabaki kilipo, na wewe unabaki na shokapu ya kawaida. Haikuachi porini.

Wauza magari wanatuuzia kitu hiki kama cha porini, na hapo ndipo nisipokubaliana nao. Nenda Arusha ukawaangalie madereva wa utalii, watu ambao maisha yao ni ile njia ya Naabi hadi Seronera, kule Serengeti, yenye mikunjo kama bati la paa, kilomita baada ya kilomita. Wanaendesha Land Cruiser za 70, nyuma zina springi za vyuma vilivyopangwa kama za lori, na shokapu ambazo fundi anabadilisha chini ya mgunga kabla wageni hawajamaliza chai. Kwenye bati la namna ile, adui wa shokapu ni joto. Pistoni inapiga mfululizo, kila pigo linageuka joto, mafuta yanakuwa mepesi, na usiposimama kupumzisha gari unajikuta unaendesha kitu kinachoelea. Hapo COMF na SPORT zote ni maandishi tu. Kupunguza upepo wa tairi kunasaidia zaidi ya swichi yoyote, na ni bure. Mimi nikiingia vumbi nashusha kutoka 32 hadi 25, naenda polepole kidogo, basi.

Sasa, kama porini hazina maajabu, kwa nini nasema zibaki?

Kwa sababu ya lami. Desemba, Dar hadi Iringa, watu saba ndani, begi za nguo juu, na kurudi kuna gunia la viazi ambalo mama mkwe hakubali ulikatae. Gari la karibu tani mbili kabla hujapanda wewe, refu kwenda juu, linalolazimika kuwa laini kwenye matuta ya Mikumi na jioni ile ile liwe gumu kwenye kona za mlima wa Kitonga, lori likiwa mbele na basi likikupumulia kisogoni. Shokapu ya kawaida itachagua moja: ikiwa laini inakuyumbisha Kitonga, ikiwa ngumu inakutikisa meno Mikumi. Inayojibadilisha haihitaji kuchagua. Kazi yake ni hiyo, na kwenye shangingi, ambalo kwa ukweli wetu linakaa lami siku nyingi kuliko vumbi, ndiyo kazi kubwa zaidi.

Nilijua thamani yake nilipoikosa. Fundi alifunga mbili za kawaida mbele, nyuma akaacha za umeme, kwani hizo "bado nzima". Mjini sikuona tofauti. Kitonga ndiko nilikojua. Mbele linaimba taarabu, nyuma linacheza mdundiko. Kila nikikata kona, kitako kinakaza kwa amri ya kompyuta, pua inaendelea na mambo yake. Mke wangu, ambaye hana habari na shokapu, aliuliza kama tairi lina pancha. Kuanzia siku hiyo msimamo wangu ni mmoja: ukiamua kung'oa, ng'oa zote nne. Nusu nusu ni mbaya kuliko kubakiza zote au kung'oa zote.

Kilichoniuma zaidi nilikijua baadaye kwa fundi mwingine, mzee mmoja mpole asiyependa haraka. Alifungua swichi ya gari bila kuwasha injini, akaniambia nizungushe kile kitufe toka COMF kwenda SPORT, yeye akaweka kiganja juu ya kila shokapu ya umeme iliyobaki. Nzima inatoa "tik" ndogo. Ya nyuma kushoto ilikuwa kimya. Nilijiandaa kusikia bei. Kumbe plagi yake ilikuwa imeliwa na kutu. Akasugua, akarudisha, ikaita. Na ile ya mbele kulia iliyotupwa na fundi wa kwanza? Hakuna aliyeipima. Iliyovuja kweli ilikuwa moja tu.

Nikarudisha za umeme mbele. Mpya. Za mtumba zilizong'olewa kwenye magari yaliyochinjwa ni kamari. Mota inaweza kuita vizuri na mafuta ndani yamekufa zamani.

Simlaumu anayeng'oa. Kama gari limezeeka, tatu kati ya nne zimekwisha, na unaishi mahali ambapo lami unaiona ukienda benki, funga nne za kawaida zilizo imara uendelee na maisha. Ila ujue gari ulilonalo. Kwenye Prado ni kazi rahisi. Kwenye Land Cruiser Cygnus au pacha wake Lexus LX 470 yenye AHC, ule mfumo wa kupandisha na kushusha gari, ni habari nyingine kabisa: pale mafuta ya presha yanabeba sehemu ya uzito wa gari, na vali za ugumu hazimo kwenye mguu wa shokapu, zipo kwenye matufe ya gesi pembeni. Ukifunga shokapu za kawaida bila kubadilisha springi za nyuma na vile vyuma vya msokoto vya mbele, gari linalala tumbo. Magari ya namna hiyo nimeyaona, na bado wenyewe wanalaumu Wajapani.

Wengine watanitajia Ineos Grenadier, gari la bei kali lililotengenezwa makusudi na springi za koili na shokapu za kawaida. Sawa, lakini lile limejengwa hivyo toka mwanzo. Mimi naangalia walichofanya Toyota wenyewe. Land Cruiser 300 ilipotoka mwaka 2021 waliacha AHC iliyokuwa kwenye 200, wakaiachia Lexus LX. Lakini shokapu za kujibadilisha, AVS, wamezibakiza kwenye matoleo ya ZX na GR Sport. Walitupa mzigo wakabakiza kiungo. Ningekuwa mimi ningefanya vilevile.

Ya nyuma kulia imeanza kutokwa jasho wiki hii. Nimeshaagiza. Mke wangu ameuliza bei, nikamwambia tutaongea ikifika.