Minyaa na bikoni: nani aseme mpaka uko wapi?

Kaskazi iliyopita baba alikwenda shambani Kakuyuni, upande wa bara wa Malindi, akakuta vigingi vitano vyenye utepe mwekundu vimesimama mita nne ndani ya minyaa yake, ule ua wa mimea yenye utomvu unaoshika mpaka. Hakuvigusa. Alikaa chini ya mwembe, akanipigia simu, akasema, "Njoo uone," akakata.

Jirani yetu wa miaka nenda miaka rudi alikuwa amefariki, na mwanawe akauza shamba. Mnunuzi, kijana mstaarabu wa Mombasa, alileta savea kabla ya kuleta salamu. Mita nne hizo, kwa urefu wa mita 120, ni mita za mraba 480: chini kidogo ya sehemu ya nane ya ekari. Ndani yake mna minazi miwili, kichuguu kimoja, na ule mwembe wa ngowe baba alioupanda karibu na minyaa mwaka niliozaliwa, maana alitaka kivuli cha njiani.

Tangu siku hiyo kila ninapokisimulia kisa hiki watu hugawanyika papo hapo. Wapo wa "minyaa ndiyo mpaka, savea kaja juzi", na wapo wa "hati ni hati, mengine hadithi". Mimi nilianza upande wa minyaa, kama mtoto yeyote wa mkulima. Sasa siko huko kabisa, wala sijahamia ng'ambo.

Minyaa ina hoja nzito. Ilipandwa na watu wawili wakitazamana, kila mmoja akiwa na panga lake, na kwa zaidi ya miaka thelathini hakuna aliyeilalamikia. Mbuzi hawaili, jua haliui, na utomvu wake ukikuingia jichoni utajuta, kwa hiyo hakuna anayeuchezea. Mpaka wa namna hiyo unajulikana na mtoto wa shule, na mchunga ng'ombe, na mgema anayepita alfajiri. Hauhitaji kufunguliwa kwenye faili.

Tena kuna historia ambayo mtu wa bara huenda asiihisi. Mwambao huu umeshaona karatasi ikila ardhi. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya hati za ardhi kwa ukanda wa pwani: mwenye dai alilete, lithibitishwe, apewe cheti. Wamijikenda wengi hawakufikiwa na utaratibu huo, au haukuwafaa, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Serikali ya Mfalme. Maskwota wa Kilifi, wakaao kwenye ardhi bila hati, unaowasikia hadi leo, wengi wao ni wajukuu wa watu waliolala na ardhi wakaamka wageni. Mzee wa Kakuyuni akiona utepe mwekundu, haoni kazi ya savea wa juzi peke yake. Anaona mkono ule ule.

Haya, tumsikilize na mnunuzi. Amelipa pesa, amepewa hati yenye namba na ukubwa, anataka kujua alichonunua. Minyaa haijui bei. Minyaa pia hutembea. Hili nililifahamu kwa macho yangu: kichaka kikifa, mtu hukata fimbo mbichi na kuichomeka mahali pa kilichokufa, lakini mahali penyewe pamejaa mizizi mikavu, basi huichomeka hatua moja pembeni, na pembeni huwa ni upande wa nje. Rudia hivyo kila kiangazi kikali kwa miaka thelathini. Hakuna mwizi hapo, na bado ardhi imehama.

Si kila mahali hadithi huanza na minyaa. Ukivuka kwenda Mpeketoni kule Lamu, kwenye skimu ya Ziwa Kenyatta iliyoanza miaka ya 1970, vipande vilipimwa, watu wakagawiwa. Huko bikoni, alama ya mpaka iliyowekwa na savea, ni mzee kuliko jirani, na kusema "twende kwenye ramani" si kumtusi mtu. Kwetu watu walitangulia, ramani ikaja kuwachora walipo. Ndiyo maana ushauri wa jumla, ule wa "mwite savea tu", hunichosha kidogo.

Sasa ramani yenyewe. Watu wa hati huisema kana kwamba imeshuka kutoka mbinguni. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, kifungu cha 18, inasema kinyume: mpaka ulioonyeshwa kwenye ramani ya usajili ni wa kukadiria, isipokuwa uwe umepimwa na kuthibitishwa rasmi chini ya kifungu cha 19. Fanya hesabu. Kwenye ramani ya kipimo cha 1:2500, mstari wenye unene wa nusu milimita unafunika mita moja na robo ardhini. Ugomvi wetu wote wa mita nne ni milimita 1.6 kwenye karatasi. Na yule binamu aliyekuja na simu yake ya jipiesi akitembea huku na huku "kuthibitisha", simu ya kawaida hukosea mita kadhaa hata pasipo mti juu yake. Alikuwa anapima kosa kwa kosa.

Kwa hiyo vigingi vya savea wa mnunuzi vilikuwa maoni ya mtaalamu aliyeajiriwa na upande mmoja. Maoni mazuri pengine, lakini maoni. Hata hivyo nilishukuru kwamba baba hakuving'oa. Kifungu cha 21 cha sheria hiyo hiyo kinafanya kung'oa au kuharibu alama ya mpaka bila idhini ya Msajili wa Ardhi kuwa kosa la jinai, na kifungo chake hufika miaka miwili. Unaweza kubisha kwamba kigingi kile hakikuwa alama halali, ila utabisha ukiwa nje kwa dhamana.

Wazee walikaa siku ya Jumapili, watano, chini ya mwembe wenye kugombewa. Kadzama, ada ya wazee, ililipwa kwa noti, si kwa mnazi wa kibuyu kama zamani. Mnunuzi alikuja, akaamkua vizuri, akamwita baba "mzee wangu", na baba akamwitikia "mwanangu" kwa sauti ya mtu anayelipa deni asilolikubali. Maswali yalikuwa mawili tu kwa saa mbili: nani alipanda, na nani alishuhudia.

Jawabu lilitoka mahali ambapo hakuna aliyelitazamia. Mjane wa jirani, mama wa aliyeuza, alikuwa ameketi nyuma na wanawake wengine, hajaulizwa. Yeye ndiye aliyelima ukingo ule kwa jembe tangu alipoolewa. Akasema taratibu, "Minyaa ya mwanzo ilishika kisiki kile cha mkorosho," akakionyesha kwa kidevu. Kisiki kiko upande wetu, kiasi cha mita moja na nusu kutoka minyaa ya leo. Baba aliinamisha kichwa. Hakubisha.

Hapo utaona nguvu na udhaifu wa baraza kwa pamoja. Hakuna ramani ingeweza kukitaja kisiki kile. Lakini baraza lenyewe lilikaribia kutawanyika bila kumuuliza mtu aliyekijua, kwa kuwa ni mwanamke. Katiba ya 2010, ibara ya 60, inahimiza migogoro ya ardhi isuluhishwe kwa njia za wenyeji, na ibara hiyo hiyo inakataza ubaguzi wa kijinsia katika ardhi. Vijijini tunaipenda nusu ya kwanza.

Udhaifu mwingine ni kwamba neno la wazee halina meno mpaka lifike ofisini. Zamani kidogo lilikuwa nayo: sheria ya 1990 iliunda mabaraza ya wazee ya ardhi yenye mamlaka ya kusikiliza kesi za mipaka, kisha yakafutwa mwaka 2011 ilipoundwa Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Na ukidhani utaruka moja kwa moja hadi mahakama hiyo pale Malindi, kifungu cha 18 kinakurudisha: mahakama haisikilizi ugomvi wa mpaka wa ardhi iliyosajiliwa kabla Msajili wa Ardhi hajauamua. Nimejua familia iliyomlipa wakili, ikasubiri, ikaambiwa hivyo hivyo.

Kuna jambo jingine linalonifanya nisiwacheke wanaokimbilia kwenye karatasi mapema. Kilifi ina aibu yake. Ugomvi wa shamba ukikosa pa kutulia, wakati mwingine hubadilishwa jina ukaitwa uchawi, na wazee wenye mvi wameuawa kwa tuhuma hizo, mara nyingi na damu yao wenyewe wanaowania urithi. Fikiria: wanaouawa ndio wanaokumbuka kisiki kilikuwa wapi. Mpaka unaokaa kichwani mwa mzee mmoja humweka mzee huyo hatarini.

Tukaomba kwa Msajili, wote wawili kwa barua moja, na hilo nalihesabu kuwa tendo la akili kuliko yote katika kisa hiki. Notisi ikatolewa kwa majirani wa pande zote, siku ikafika, akaja yeye na savea wa serikali. Mashahidi walikuwa wale wale wa Jumapili, na safari hii mama yule aliulizwa wa kwanza. Mstari uliwekwa kiasi cha mita moja na nusu ndani ya minyaa, yaani kwenye kisiki. Vigingi vya mnunuzi vilikuwa vimezidi mita mbili na nusu, na minyaa yetu ilikuwa imezidi hiyo moja na nusu. Minazi ikabaki kwetu. Mwembe ukaangukia kwake.

Na hapa ndipo kazi ya savea ilipoishia, maana hati haina mstari wa kuandikia mwembe. Mila ya mwambao huu inajua kutenganisha mti na udongo: mnazi ni wa aliyeupanda, hata ukiwa umesimama kwenye ardhi ya mwingine, na watu wameuziana, wamewekeana rehani na kurithishana minazi bila kugusa shamba. Kwa hiyo swali la mwembe lilirudi kwa wazee, kwao lilikuwa jepesi. Wakasema baba ataendelea kuchuma mpaka mti ufe, ila hatapanda mwingine mahali pake. Nadhani watu hupoteza miaka kwa kumuuliza savea maswali ya mzee, na mzee maswali ya savea.

Wakili rafiki yangu alinipa njia nyingine, nami sikuificha kwa baba. Sheria ya Ukomo wa Mashauri inampa nafasi aliyeishikilia ardhi ya mwenzake waziwazi, bila ruhusa na bila kukatizwa, kwa miaka 12: anaweza kwenda mahakamani kuomba iwe yake. Baba angeweza kuidai ile mita moja na nusu, na mwembe juu yake. Ila ili udai hivyo, sharti ukiri kwamba ardhi ilikuwa ya mwingine nawe ukaikalia bila idhini. Baba alinitazama muda mrefu. "Nikasimame mbele ya jaji niseme mimi mvamizi? Kwa mti niliopanda mwenyewe?" Nikanyamaza.

Mnunuzi naye aliambiwa habari ya miaka 12 na wakili wake, ndiyo maana akaja na karatasi: baba anatumia mwembe "kwa ruhusa" ya mwenye shamba. Kwa upande wake ilikuwa tahadhari ya haki kabisa, kwa kuwa aliyeruhusiwa hawezi kudai umiliki kwa kukaa muda mrefu. Kwa upande wa baba, neno hilo lilimfanya mgeni chini ya kivuli chake. Kijana hakuwa na kiburi, baba hakuwa na tamaa, na bado tulikaribia kurudi mwanzo kwa silabi tatu.

Nilirudi kwa wakili. Akaniambia neno "ruhusa" si lazima, linalotakiwa ni baba akiri kwa maandishi kwamba ardhi ni ya jirani, muda wowote uliokuwa ukihesabika utakatika hapo. Kukiri hakukumsumbua, alishakiri mbele ya kisiki. Karatasi iliyosainiwa ina "ruhusa" iliyokatwa kwa kalamu ya bluu, juu yake pameandikwa "makubaliano", na pembeni herufi za majina ya wote wawili. Msimu wa ngowe ulipofika, kijana alituma gari kutoka Mombasa kuchukua debe moja. Baba alimpelekea mawili, na ujumbe kwamba la pili ni la mama yule wa kisiki, alifikishe mwenyewe.