Satsuma: manowari iliyohukumiwa kwa kuchelewa

Ikitajwa manowari ya Kijapani Satsuma, hukumu huwa ile ile: ilizaliwa tayari mzee. Na kweli, ukiangalia tarehe, inasikitisha. Mkuku wake uliwekwa katika kiwanda cha meli cha Yokosuka, Japani, Mei 1905, miezi zaidi ya minne kabla ya Waingereza kuanza kuijenga manowari yao Dreadnought. Michoro ya mwanzo iliipa mizinga 12, yote yenye mdomo wa kipenyo cha inchi 12, bila kuchanganya mikubwa na midogo, yaani wazo lile lile lililoipatia Dreadnought umaarufu. Lakini Dreadnought ilikuwa tayari kazini Desemba 1906. Satsuma ikakamilika Machi 1910, ikiwa na mizinga minne tu ya inchi 12, na mingine 12 ya inchi 10.

Wanaoikosoa hawakosei kuhusu mizinga hiyo. Mwelekeza shabaha huwa juu mlingotini na darubini yake, akitazama maji yanavyoruka pale kombora linapoanguka. Hapo ndipo anapojua aongeze masafa au apunguze. Makombora ya inchi 12 na ya inchi 10 yakianguka pamoja, maji yanayoruka yanakaribia kufanana. Atarekebisha mizinga ipi? Tena Dreadnought ilikuwa na mitambo ya tabo (turbini) na mwendo wa noti 21, yaani maili 21 za baharini kwa saa, Satsuma ikiwa bado na injini za pistoni na noti 18 na kidogo.

Ila tuulize ni nani aliyekuwa akijenga, na akiwa katika hali gani. Tarehe 15 Mei 1904, kwa siku moja, Japani ilipoteza Hatsuse na Yashima kwa mabomu ya baharini nje ya Port Arthur, ngome ya Warusi huko Uchina: manowari mbili kati ya sita ilizokuwa nazo, zote sita zimejengwa Uingereza. Mkuku wa Satsuma uliwekwa mwaka mmoja baadaye, siku ile ile, vita na Urusi ingali inapiganwa, tena kwa fedha za mikopo kutoka London na New York. Mizinga ya inchi 12 ilikuwa ya kuagizwa Uingereza, na haikutosha. Ya inchi 10 ndiyo iliyopatikana.

Kwangu mimi, idadi ya mizinga si hesabu ya kwanza. Zaidi ya asilimia 60 ya vifaa vya Satsuma vilitoka Uingereza. Wengine huitumia takwimu hiyo kuibeza: manowari ya kwanza ya Kijapani, yaani iliyojengwa Japani; Kijapani gani? Basi iwekeni kando ya Kawachi, manowari nyingine iliyoanza kujengwa Yokosuka hapo hapo mwaka 1909. Kwake vifaa vya kigeni vilikuwa kama asilimia 20. Miaka minne tu! Mafundi hawakujifunza hayo kwa kusoma michoro ya watu. Walijifunza juu ya Satsuma, na ile miaka karibu mitano inayochekwa ni pamoja na muda wa kujifunza.

Katika vita yenyewe haina mengi ya kusimuliwa. Mwaka 1914, katika Vita Kuu ya Kwanza, ilishiriki kuviteka visiwa vya Wajerumani huko Carolines, katika Pasifiki, bila pambano kubwa.

Septemba 1924, kwa masharti ya Mkataba wa Washington wa kupunguza manowari, ilizamishwa katika mazoezi ya shabaha, imeshavuliwa mizinga. Waliofyatua ni manowari mpya zaidi za Japani, Nagato na Mutsu, kwa mizinga ya milimita 410. Mutsu ilijengwa Yokosuka.